Uzito wa Karafuu Maiti

1

Sampuli ya shangazi yangu ilipita kwenye Mzani kati ya sampuli ya muuza mbao na ya mtoto wa shule, na kioo cha mashine kikaniwekea kilele chekundu mahali ambapo sikutaka kukiona.

Sisi wa maabara ya Lango la Mashariki haturuhusiwi kujua namba ni ya nani. Kila wiki mkazi wa mji anaweka vidole vyake juu ya bamba langoni, bamba linakusanya jasho, jasho linaingia kwenye kichupa chenye namba na mtaa, na habari za jina zinaishia hapo. Lakini namba ya Shangazi Mwamvua naijua kuliko yangu, maana kila Ijumaa hunipigia simu akiwa kwenye foleni ili aniulize, na kila Ijumaa hunilaumu kwamba nilimchagulia ndefu makusudi.

Nikatazama pembeni, nikatazama tena kioo. Kilele kilikuwa palepale.

"Una nini?" akauliza Daktari Kiyabo, mkuu wetu, kutoka mezani kwake. Alikuwa anamenya karanga juu ya kibodi, jambo ambalo yeye mwenyewe alilipiga marufuku.

"Chai imepoa."

"Chai yako imepoa tangu nikufahamu, Kalunde," akasema, akarudi kwenye karanga zake. Nilimshukuru Mungu kwa kuziumba karanga, kwa sababu kama angenitazama usoni sawasawa, jambo lote lingekwisha palepale.

Kilele chekundu maana yake ni homa ya jivu. Mtu huipata kwa pumzi ya mwenzake. Anakaa miezi miwili akiwa mzima kabisa, anapika, anacheka, anaambukiza, halafu ngozi inageuka rangi ya jivu na mapafu yanafunga. Dawa hakuna. Kilichobaki ni kuwatoa watu mapema, na tunawatoa. Gari la Msituni hupita mjini Tabora kila Jumatatu, na halina dereva, kwa sababu hakuna binadamu aliyeikubali kazi hiyo hata kwa mshahara mnono. Linasimama mbele ya nyumba, linataja jina, linangoja. Aliyeingia kambi ya Msituni akiwa mgonjwa, ni nadra kumwona tena. Aliyeingia akiwa mzima naye huugua baada ya wiki chache, maana wote wanalala mabweni yaleyale na kuvuta hewa ileile.

Kati ya Ijumaa na Jumatatu pana kizuizi kimoja tu. Mkemia wa zamu anarudia kipimo, kisha anaweka kidole gumba kuthibitisha kama mtu ni mgonjwa au mzima. Mkemia wa zamu nilikuwa mimi. Sheria inasema ukikutana na ndugu yako, unamwachia mwenzako. Nikafungua mdomo nimwambie Daktari Kiyabo hivyo, na mdomo ukasema kitu kingine.

"Nyekundu za leo nitazirudia mwenyewe."

"Rudia," akasema.

Hapa lazima nieleze kuhusu kengele, kwa sababu ni kazi ya mikono yangu, na bila hiyo hakuna lango wala Mzani wala kilele.

Mwili unaoanza kuugua homa ya jivu hutoa molekuli moja ndogo: kaboni kumi, hidrojeni kumi na sita, oksijeni moja. Mzani hupima uzito wa molekuli, lakini unaona tu kitu chenye chaji ya umeme, na kidudu hiki hakipendi kushika chaji. Kilikuwa kinapita mbele ya mashine zetu kama mbuzi anayepita shambani gizani. Mbuzi huyo ukimfunga kengele shingoni, utamsikia hata ukiwa chumbani. Basi nikatengeneza molekuli ya pili, nzito, yenye chaji yake ya kudumu, ambayo inashika pale tu oksijeni ilipoungana na kaboni kwa mikono miwili. Unaichanganya na jasho, unaipasha moto saa nzima ili pasibaki hata mbuzi mmoja asiye na kengele, kisha unapeleka kwenye Mzani. Kitu kilichokuwa kimya kikaanza kusikika mara elfu zaidi. Wakubwa wa Dodoma walinipa cheti, wakanipa na saa ya ukutani.

Mashine za zamani zilipitisha sampuli kwanza kwenye mrija mrefu, uliotenganisha vitu vinavyofanana, kimoja kimoja, taratibu. Mrija huo tuliung'oa. Mji mzima ulikuwa kwenye foleni, na foleni haina muda wa mrija. Tulisema uzito peke yake unatosha, na mimi nilikuwa wa kwanza kusema hivyo.

2

Jumamosi asubuhi nilikwenda Gongoni nyumbani kwa shangazi. Nilikwenda bila mpango wowote. Nilitaka tu kumwona uso, niukague kama una jivu, ingawa nilijua fika kwamba kwa wiki hizi hautakuwa nalo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Huko maabara mnakula moshi?" Alikuwa amekaa kwenye mkeka sebuleni, khanga imefungwa kiunoni, bakuli dogo mbele yake. "Mbona umekaa mlangoni kama mtu wa sensa? Ingia ndani."

"Pana upepo hapa. Nimechoka na joto."

Akanitazama, akaliacha lipite. Shangazi Mwamvua ni dada mkubwa wa baba yangu. Alinichukua nikiwa bado nanyonya, mama alipofariki, na hajawahi kunikumbusha jambo hilo hata tulipogombana. Kazi yake ni kuosha maiti za wanawake. Halipwi, anapewa sabuni, au sukari, au anapewa asante. Alikuwa amerudi kutoka kuosha alfajiri, na mchana huo alikuwa anaitwa nyumba nyingine.

Akachukua vipande vyeupe vya karafuu maiti kutoka kwenye kikaratasi, akavitia kiganjani, akaanza kuvisaga kwa kidole gumba. Harufu ikajaa chumba chote, baridi, ikanipanda puani hadi machozi yakanilenga.

"Usinikodolee macho. Glovu zenu navaa," akasema. "Lakini karafuu maiti haipondwi kwa glovu, inanata huko ikapotea bure. Naiponda kwanza kwa mkono, naitia kwenye maji ya mwisho, halafu ndiyo navaa."

"Kila siku unafanya hivyo?"

"Siku hizi kuna siku isiyo na maiti? Tena sasa niko peke yangu. Gongoni nzima tulikuwa wanne. Mwanne mmemchukua, Tausi mmemchukua, na Kidawa mmemchukua Jumatatu iliyopita, kaacha ugali jikoni. Nimebaki mimi na mgongo wangu."

"Watu wanasema waosha wanaambukizwa na maiti."

"Watu wanasema. Wewe msomi unasemaje?"

"Maiti hapumui," nikasema.

"Haya basi."

Sote tuliamini kwamba waosha wanaugua kwa sababu wanashika wafu. Maelezo yalikuwa mepesi, yakamridhisha kila mtu, pamoja na sisi tuliojua kabisa kwamba homa ya jivu haitoki kwa asiyepumua. Nikatazama kile kiganja cha shangazi, cheupe kwa unga. Nikaanza kukumbuka masomo ya mwaka wa kwanza. Karafuu maiti ina kaboni kumi. Ina hidrojeni kumi na sita. Ina oksijeni moja, imeshikwa kwa mikono miwili.

Tulipokuwa tunaitengeneza kengele, tulikaa mezani watu tisa tukitaja kila kitu kinachoweza kuudanganya Mzani. Tulitaja marashi, udi, mafuta ya kuchua, sabuni za harufu, maganda ya machungwa. Vyote hivyo tukavipiga marufuku kuanzia Jumatano hadi mtu apimwe Ijumaa. Karafuu maiti hakuitaja mtu. Wote tisa tumezika ndugu zetu, wote tunaijua harufu ile tangu utotoni, na ilitupita kwa sababu kwetu hiyo si manukato ya mtu aliye hai. Haitajwi mezani. Haipelekwi kazini. Mgeni asiyejua mila zetu angeikuta kitabuni na kuiandika bila kusita, lakini sisi tuliiruka, wengine kwa heshima na wengine kwa woga. Waosha wanne wa Gongoni wakaendelea kuiponda kwa viganja na kuivuta kwa pua kila siku ya Mungu, ikaingia damuni, ikatoka na jasho, na Mzani ukawaita wagonjwa.

Nikacheka. Sikuweza kujizuia, furaha ilinijia kwa kishindo.

"Unacheka, nami naponda karafuu maiti?" shangazi akasema. "Akili zako ziko sawa?"

"Nipe kipande kimoja."

"Cha nini?"

"Cha kazini."

"Hiki hakipelekwi kazini."

"Ndilo kosa letu, shangazi. Nipe."

Akanifungia kipande kwenye karatasi huku midomo yake ikisoma dua, akanirushia pale mlangoni. Niliondoka mbio, viatu mkononi.

3

Maabara ilikuwa tupu. Nikayeyusha chembe ya karafuu maiti, nikaitia kengele, nikaipasha moto kama utaratibu unavyosema, nikaipeleka kwenye Mzani. Kilele kikasimama mahali palepale pa homa ya jivu, uzito uleule hadi tarakimu ya mwisho. Mashine yangu ilikuwa haioni tofauti yoyote kati ya mgonjwa na mtu anayetengeneza maji ya mwisho ya jirani yake.

Nilikaa kitini nikaona aibu ikinipanda. Bi Kidawa alikuwa kwenye bweni la wagonjwa tangu Jumatatu. Bi Mwanne na Bi Tausi walikuwa huko zaidi yake. Kama bado walikuwa wazima, hawakuwa na siku nyingi za kuendelea kuwa hivyo.

Lakini aibu haitoshi kumtoa mtu Msituni. Nilihitaji njia ya kuvitofautisha hivi vitu viwili vyenye uzito mmoja, na mrija mrefu hatukuwa nao tena. Ikabidi nirudi kwenye kengele yenyewe. Oksijeni ya molekuli ya ugonjwa imekaa nje, ukingoni, kama nyumba yenye mlango barabarani. Kengele inafika na kuingia moja kwa moja. Oksijeni ya karafuu maiti imekaa ndani, imebanwa na kaboni kila upande. Kengele itaingia, ila kwa kuzunguka sana, na ndiyo maana ile saa nzima ya moto ilikuwa inaipa nafasi. Basi nisiipe nafasi. Nikaweka vichupa kwenye barafu, nikatia kengele, nikangoja kidogo tu, kisha nikamwaga asetoni, ambayo nayo ina oksijeni ya mikono miwili, ili imalize kengele zote zilizobaki bila kazi.

Nikaanza na karafuu maiti tupu. Kioo kikabaki cheupe. Nikajaribu jasho la mgonjwa ambaye tulimjua kwa hakika, mtu aliyekwisha kufariki. Kilele kikasimama wima. Njia ilikuwa inafanya kazi, na kwa haraka nilimwaga kichupa kimoja sakafuni.

Mabaki ya sampuli zote nyekundu hukaa kwenye friji, na mtu akishapelekwa Msituni jina lake huandikwa kwenye kichupa. Nikamtoa Bi Mwanne: hakuna kilele. Bi Tausi: hakuna. Bi Kidawa: hakuna. Nilisema "Alhamdulillahi" kwa sauti mle ndani, peke yangu.

Nikamtoa shangazi.

Kilele kilipungua. Kilipungua sana, nusu nzima ilikwenda na ile nusu ilikuwa karafuu maiti. Nusu nyingine ilibaki imesimama.

Nikarudia. Nikabadilisha barafu, nikabadilisha kichupa, nikaosha mikono yangu mwenyewe kwa hofu kwamba ni mimi niliyeichafua sampuli. Nikarudia mpaka jasho lake likaisha kabisa, na kila mara ile nusu ilikuwa palepale, wala haikucheza.

Alikuwa na karafuu maiti kama wenzake, na alikuwa na homa ya jivu.

Nililia. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, hasira juu ya ile furaha ya asubuhi iliyonidanganya. Na nikiwa bado nalia, wazo likaingia kichwani likiwa limekamilika, kana kwamba lilikuwa linangoja nje. Hakuna mtu aliyejua kuhusu kipimo cha baridi. Ningeweza kumwonyesha Daktari Kiyabo kipimo cha kwanza peke yake, kile cha karafuu maiti tupu, na kuishia hapo. Angeona uzito ni ule ule, angeshika kichwa, angewaachia waosha wote wanne. Wanawake watatu wasio na hatia wangerudi nyumbani, na shangazi yangu asingekwenda popote. Nisingesema neno hata moja la uongo. Ningenyamaza tu.

Nikafuta matokeo ya baridi kwenye kioo, nikayabakiza kwenye kijiti cha kumbukumbu, nikakitia mfukoni. Sikujua bado nitakifanyia nini.

4

Jumapili mchana nikarudi Gongoni, barakoa usoni. Shangazi alikuwa uani, anachambua uyoga, anakata mashina yenye udongo na kuyatupa pembeni. Nikasimama mbali naye, karibu na karo.

"Usiende kuosha tena," nikasema.

"Shikamoo imepotea wapi?"

"Shikamoo. Usiende kuosha tena. Bi Kidawa na wenzake wanarudi, wataosha wao."

Kisu kikaanguka kwenye uyoga. "Wanarudi? Kidawa ni mzima?"

"Wote watatu. Ilikuwa karafuu maiti. Mashine iliwaona wagonjwa kwa ajili ya karafuu maiti."

Akajifunika uso kwa ncha ya khanga, mabega yakacheza, sikujua analia au anacheka. Alipoufunua alikuwa anafanya vyote viwili. Kisha, polepole, akaanza kunitazama mimi, barakoa yangu, na umbali niliouweka kati yetu.

"Na mimi Ijumaa niliweka vidole," akasema.

"Ndiyo."

"Ilitoka nyekundu?"

"Ilitoka nyekundu."

"Ya karafuu maiti."

"Karafuu maiti imo," nikasema.

Shangazi si mtu wa kuelezwa jambo mara mbili. Akaokota kisu, akakifuta, akakiweka juu ya ungo. "Imo," akasema. "Na nyingine imo."

Nikaanza kuzungumza haraka haraka, kama ninavyofanya nikiogopa. Nikamwambia hakuna anayejua ila mimi. Nikamwambia atajifungia ndani, nitamletea chakula, nitakiweka uani na kuondoka. Asipokee wageni. Aseme mgongo unamsumbua. Wako wachache wanaopona, na akiwa kitandani kwake, anakula vizuri, kwa nini asiwe mmoja wao?

"Na ukiulizwa?"

"Nitanyamaza. Wewe ndiye uliyenifundisha. Muosha akiona kovu, akiona aibu yoyote kwenye mwili wa mtu, anaifunika, wala hamwambii hata mumewe."

"Hiyo ni haki ya maiti, Kalunde. Maiti hamdhuru mtu. Mimi napumua."

"Basi unataka niseme."

"Nimesema nataka? Sitaki." Sauti yake ikapanda, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia ina woga ndani. "Naiogopa sana hiyo Msituni. Sitaki kufa kwenye bweni la bati na watu nisiowajua. Ukiniuliza mimi, nitakuambia ficha, tena ficha vizuri. Kwa hiyo usiniulize."

"Nimuulize nani sasa?"

"Usiniulize mimi," akasema tena.

Kabla sijajibu, mlango wa uani ukasukumwa bila hodi. Alikuwa Asiata, binti wa nyumba ya tatu, miguu pekupeku, kichwa wazi. Mama yake alikuwa anaumwa kisukari siku nyingi.

"Mama ametutoka," akasema, akaja moja kwa moja.

Shangazi alisimama. Niliona anarudi nyuma hatua, nikaona anainua mkono kumzuia, na nikasema "Asiata, ngoja," lakini binti alikuwa amekwisha kumwangukia shingoni, uso wake umezama kwenye shingo ya shangazi, anapiga kwikwi. Ule mkono wa shangazi ukabaki hewani. Kisha ukashuka, ukamshika mgongo, ukawa unampapasa.

"Nyamaza, mwanangu. Nyamaza. Tangulia nyumbani, mchemshe maji, nakuja."

Asiata akaondoka vilevile alivyokuja. Shangazi alibaki amesimama, anautazama mkono wake.

"Umekwenda wenyewe," akasema.

Tangu nimwambie ajifungie ndani, hata uyoga haukuwa umeisha kuchambuliwa. Na Asiata, ambaye pumzi ya shangazi imemwingia shavu kwa shavu, jioni ile angekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake wa mtaa mzima, kila mmoja akimkumbatia kwa zamu. Ndivyo tunavyofanya matanga. Hakuna serikali iliyofaulu kutuzuia, na mimi mwenyewe nisingekubali kuzuiwa.

"Nenda kawaambie mgongo umenikamata," shangazi akasema, akakaa chini. "Wamwite mke wa imamu. Hajui sana, lakini maji atamwaga. Na huyo mtoto mwambie asikae na watu."

"Nitamwambiaje bila kumwambia sababu?"

Akachukua kisu, akaendelea na uyoga.

5

Jumatatu, Daktari Kiyabo alikitazama kipimo cha karafuu maiti. Karanga zake zilikuwa kwenye mfuko, hakuzigusa. Akasogeza kiti karibu na kioo, akalinganisha tarakimu moja moja, akavua miwani.

"Tulikuwa watu tisa," akasema. "Tisa, na mimi mwenyekiti wao. Mama yangu nilimzika mwaka uleule."

"Najua."

"Ni akina nani walioathirika?"

Nikamtajia. Hakusubiri chai wala kikao; alipiga simu Msituni mwenyewe, akawataja Mwanne, Tausi na Kidawa kwa majina yao kamili, akamgombeza mtu wa upande wa pili mpaka akakubali kuwatoa kwenye bweni saa ileile na kuwalaza chumba cha peke yao, wapimwe upya. Nilisikia sauti ya mbali ikisema kwamba wote watatu hawana homa wala kikohozi. Jambo hilo lilikuwa limefanikiwa, na lilifanikiwa bila kile kijiti kutoka mfukoni mwangu.

Akakata simu, akaanza kupitisha kidole kwenye nyekundu za Ijumaa. "Hii hapa ya Gongoni. Umeifuatilia? Naye ni muosha?"

"Ni muosha," nikasema.

"Basi ni hadithi ileile. Mwondoe naye, gari limeshafika Lango la Reli." Akanisogezea bamba la kuthibitishia, akiwa ameshachagua neno "mzima". Alikuwa anatabasamu kidogo, mtu aliyepata nafasi ya kurekebisha kosa lake na anataka alirekebishe lote. "Weka kidole, Kalunde. Tumnusuru mmoja kabla hajapanda."

Bamba lilikuwa mbele yangu, la baridi, safi. Kitu pekee nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya, na kukaa kimya ningeweza. Kidole changu kilikuwa kimeshainuka. Nikauona mkono wa shangazi ukishuka mgongoni kwa Asiata, ukienda wenyewe.

"Huyu siye," nikasema.

"Siye nini?"

"Si karafuu maiti peke yake. Huyu anaumwa kweli." Nikatoa kijiti mfukoni, nikakiweka mezani. "Kuna njia ya kuvitofautisha. Kwenye barafu, kwa muda mfupi, halafu asetoni. Wale watatu hawana kitu. Yeye anacho. Na kuna binti anaitwa Asiata, jirani yake, apimwe leo kabla hajakaa matanga tena."

Akakichomeka kile kijiti. Akatazama kwa muda mrefu, nami nikawa natazama saa yangu ya Dodoma pale ukutani kwa sababu sikuweza kutazama pengine.

"Nani mwingine anaijua njia hii?"

"Hakuna."

Ndipo akaelewa kwamba nilikuwa nayo tangu alipofika kazini, na kwamba nilimwacha apige simu kwanza. Akanigeukia. "Ni nani kwako?"

"Ndiye aliyenilea."

Kiyabo akafumba macho. Akalivuta bamba upande wake, akabadilisha "mzima" kuwa "mgonjwa". "Sheria inasema niweke mimi," akasema kwa upole. "Nenda nje, mama. Kapunge upepo."

Nilitaka sana kwenda nje. Lakini kengele niliitengeneza mimi, na barafu niliitia mimi, na kama mtu angeniuliza baadaye ni nani aliyempeleka Mwamvua Msituni, sikutaka kuwa na jina jingine la kumtajia. Nikalivuta bamba, nikaweka kidole gumba. Likalia mara moja, kwa sauti ndogo, likazimika.

Dirishani gari la Msituni likageuza taratibu, likashika barabara ya Gongoni. Nikachukua simu. Gari likifika nyumbani kwa mtu hutaja jina lake kwa sauti mtaa wote usikie, na sikuweza kuvumilia kwamba shangazi asikie kutoka kwa gari kabla hajasikia kutoka kwangu.

Akapokea haraka.

"Shangazi," nikasema, na maneno yote niliyoyapanga yakanitoka kichwani. "Shangazi, ni mimi."

"Najua ni wewe," akasema. "Nimeshavaa."